Redio yako ina miguu miwili

Karakana yangu iko ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, na mwaka wangu wa kazi huongozwa na mvua. Masika yakianza mwezi wa tatu, na tena vuli zikiingia mwezi wa kumi, meza hujaa redio zilizokufa. Kampuni za ulinzi huleta redio za kituo, zile za kuwasiliana na walinzi, makanisa huleta vifaa vya stesheni zao, shule huleta redio za mabasi pamoja na chaja zake. Na kila anayeingia mlangoni ana maneno yaleyale: "Fundi, tumepigwa na radi."

Mara nyingi hawakupigwa. Radi ikikita mlingotini hasa, huhitaji fundi kuthibitisha. Ganda la kebo hupasuka, konekta huyeyuka, plasta hubanduka ukutani pale kebo inapoingilia. Redio nyingi zinazonifikia ni nzima kwa macho. Nafungua kifuniko, hakuna harufu ya kuungua, fyuzi ni nzima. Naiwasha, taa zinawaka, inatuma kwa wati zake zote. Tatizo ni kwamba haisikii. Iitwe na kituo kilicho mtaa wa pili, kimya. Ile tranzista ndogo ya mwanzo upande wa kupokea, inayopokea ishara dhaifu kutoka kwa antena na kuikuza, imekufa peke yake, na kila kitu kilichoizunguka kiko salama. Radi iliyofanya hivyo pengine ilianguka kwenye mkaratusi mita mia mbili kutoka hapo.

Wateja huilaumu fyuzi. "Mbona haikukatika?" Fyuzi hukatika kwa kupata joto, na joto hilo huhitaji milisekunde kadhaa hata pale mkondo ni mkubwa. Radi hufika kileleni kwa mikrosekunde chache tu. Fyuzi inapoanza kupata habari, maiti imeshalala. Fyuzi kazi yake ni kuzuia nyumba isiungue, na hiyo huifanya vizuri.

Sasa, radi iliyoanguka kule inaiuaje redio iliyo hapa? Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi kwenye kilele chake. Mkondo mkubwa namna hiyo ukipanda kwa kasi namna hiyo hutikisa uga wa sumaku pande zote, na kila waya mrefu ulio jirani huzalisha volti, kwa kanuni ileile inayoendesha transfoma: kebo ya antena inayoshuka mlingotini, nyaya za stima zinazoning'inia kwenye nguzo kutoka barabarani, kebo ya mtandao iliyopitishwa juu ya dari. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni ardhi yenyewe, na hii ndiyo ambayo mafundi wengi hawaijali.

Waliokulia mashambani wanaijua habari ya ng'ombe. Mvua inakuja, ng'ombe wanajikusanya chini ya mti, radi inaupiga mti, na wanakutwa wamelala wote, ngozi haina alama. Radi haikuwagusa. Umeme ulishuka kwenye shina ukasambaa udongoni, na udongo ukawa na volti nyingi karibu na mti, chache zaidi kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja. Mbele amekanyaga volti hizi, nyuma amekanyaga nyingine, na tofauti baina yake inapita ndani ya mwili wake.

Redio yako imesimama vivyo hivyo. Mguu mmoja ni kebo ya antena, iliyofungwa kwenye mlingoti wenye rodi yake ya ethi, fimbo ya metali iliyopigiliwa ardhini, huko nyuma ya jengo. Mguu wa pili ni plagi ya stima, yenye ethi ya nyumba iliyochimbiwa karibu na mita huko mbele. Siku zote rodi hizo mbili ziko kwenye volti sawa, kwa hiyo hakuna anayeona kasoro. Radi ikianguka jirani, kwa mikrosekunde kadhaa moja inakuwa juu ya nyingine kwa maelfu ya volti, na daraja la pekee kati yake ni redio iliyo mezani kwako. Ukiongeza kebo ya mtandao, umeipa mguu wa tatu.

Mwaka jana niliitwa na kampuni moja ya ulinzi huko Industrial Area. Redio yao ya kituo ilikuwa imekufa kwa mara nyingine, na msimamizi wa chumba cha mawasiliano, mzee mpole mwenye sweta ya kijani, alikuwa amechoka. Alikuwa ameweka aresta, kifaa cha kumwaga mpigo wa radi ardhini, na bado.

"Fundi, aresta si tuliweka? Hata risiti ninayo."

"Naiona, mzee. Aresta yenyewe haina shida."

"Basi shida ni nini?"

"Ni huu waya."

Aresta ilikuwa imepigiliwa kwenye ubao wa mbao, ndani ya chumba, juu kidogo ya redio. Kutoka hapo waya mwembamba wa kijani na manjano ulishuka hadi sakafuni, ukafuata ukuta, ukapanda kuzunguka fremu ya mlango, ukarudi chini, ukatokea dirishani hadi kwenye rodi iliyokuwa kando ya jenereta. Uliobaki, aliyeufunga aliuzungusha kwa unadhifu na kuufunga kwa vibanio vya plastiki, koili safi kabisa. Kwa macho ilikuwa kazi ya kupendeza. Nilitoa futi nikaupima: mita 6 bila kuhesabu koili.

Mzee aliniuliza, waya mzima usiokatika unakosa nini. Nikachukua kalamu. Kwa stima ya kawaida, waya wa mita 6 ni kama haupo, upinzani wake ni sehemu ndogo ya omu. Kwa mpigo wa radi, kinachotawala ni indaktansi, ile tabia ya waya kupinga mkondo unaobadilika ghafla, na waya ulionyooka una takriban mikrohenri 1 kwa kila mita. Chukua sehemu ndogo tu ya radi, ampea 3,000, zipande ndani ya mikrosekunde 1. Kila mita ya waya itaonyesha volti 3,000 kutoka ncha hadi ncha. Mita 6 ni volti 18,000. Aresta imefanya kazi yake barabara, imefunguka na kumwaga umeme kwenye waya, lakini waya umekataa kuupokea upesi, kwa hiyo mwili wa aresta na ganda la metali la kebo ya antena na redio vyote vimepanda hadi volti 18,000 juu ya ethi ya stima. Umeme ukatafuta njia nyingine ya kushuka. Uliipata kupitia redio hadi kwenye plagi. Na ile koili, bila shaka, imeongeza mikrohenri za bure.

Mzee alitazama karatasi, akatazama ukuta. "Yaani unadhifu ndio umetuponza?"

Tulichofanya pale ndicho ninachokifanya karibu kila mahali. Ukutani, upande wa nje, pale kebo zinapoingilia, tulifunga bamba moja nene la shaba. Aresta ya antena ikafungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye bamba, bila waya wowote. Ganda la metali la kebo likaunganishwa hapo pia. Kutoka kwenye bamba ukanda mpana wa shaba ukashuka wima hadi kwenye rodi iliyo chini yake, bila kona. Ukanda ni bora kuliko waya wa mviringo, kwa sababu umeme unaobadilika haraka hukimbilia kwenye ngozi ya metali, na upana hupunguza indaktansi. Halafu, na hapa ndipo watu hubishana nami, tukazika ukanda mwingine kutoka rodi hiyo hadi rodi za mlingoti, na mwingine hadi ethi ya bodi ya stima. Ethi zote zikawa moja.

Fundi wa stima aliyekuwepo alipinga. Alisema utaialika radi ya mlingoti iingie kwenye nyumba. Nimeusikia ubishi huo kwa mafundi wazuri tu. Jibu langu ni kwamba radi haisubiri mwaliko, ethi mbili zilizotengana zimeshaungana tayari, zimeunganishwa na redio yako. Ukiziunganisha kwa shaba nene chini ya ardhi, jengo lote litapanda pamoja na kushuka pamoja. Kama bamba, redio, chaja, kompyuta na meza vyote viko volti 18,000 kwa wakati mmoja, hakuna tofauti ya kupita ndani ya chochote. Na kinga ya stima, yaani aresta ya upande wa umeme wa nyumba, lazima iwe palepale, karibu na bamba hilo, ikiwa na waya mfupi kabisa. Ile ekstenshoni yenye kitaa cha kijani, unayoichomeka chumba cha tatu, inalinganisha nyaya zake na ethi iliyo mbali, haijui lolote kuhusu antena yako.

Kebo ya antena nayo ifungwe ethi kabla haijafika ukutani. Mimi hufunga juu karibu na antena, kisha chini ya mlingoti kabla kebo haijapinda kuelekea nyumbani, na tena kwenye bamba. Mlingoti ukipigwa, volti ni nyingi juu na chache chini, kwa hiyo kadiri kebo inavyoachana na mlingoti karibu na ardhi ndivyo inavyobeba kidogo kuja kwako. Wanaoivuta kebo kutoka nusu ya mlingoti, ikaning'inia hewani hadi dirishani, wanajiletea nusu ya mlingoti mezani.

Kuhusu kuchagua aresta nitasema machache, kwa sababu dukani utauziwa yoyote iliyo rafuni. Aresta za antena nyingi zina kidonge cha gesi ndani, ambacho hulala hadi volti fulani kisha kinawaka na kuwa njia ya mkato. Watu huona kilichoandikwa 90 na kilichoandikwa 230, wanachukua 90 kwa kuwa "kinalinda zaidi". Fanya hesabu kwanza. Redio ya wati 50 kwenye kebo ya omu 50 ina volti 50, na kilele chake ni 71 hivi. Antena ikiwa sawa, kidonge cha 90 kitavumilia. Maji yakiingia kwenye konekta na mawimbi yakaanza kurudi, kilele kinaweza kukaribia mara mbili, volti 141, na kidonge kitawaka kila unapobonyeza kuongea. Hapo utasema redio imekufa, kumbe aresta ndiyo inameza nguvu. Kwa redio ya wati 50 naweka 230. Zipo pia aresta zenye kapasita ndani ambazo hukata kabisa njia ya mkondo wa moja kwa moja na wa masafa ya chini, ambako ndiko nguvu nyingi ya radi iko. Ni ghali, lakini upande wa kupokea hupona zaidi. Ila ukiwa na kikuza-ishara juu ya mlingoti kinacholishwa stima kupitia kebo hiyohiyo, hicho hakitawaka tena, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Ninayoipenda mimi hasa ni ya robo ya wimbi, yaani urefu wake ni robo ya urefu wa wimbi la redio yako. Ni kipande cha bomba la shaba kilichofungwa kwa ukanda upande wa mwisho na kuunganishwa kando ya kebo. Kwa megahezi 150 robo ya wimbi ni nusu mita, kwa megahezi 100 ni sentimita 75. Kwenye masafa yako redio haikioni kabisa, lakini kwa radi ni shaba tupu hadi kwenye ethi. Hakina gesi ya kuchoka wala kidonge cha kubadilisha. Udhaifu wake ni kwamba kimefungwa kwenye masafa yake, kwa hiyo kinafaa kwa stesheni ya FM au repita (kituo cha kupokea ishara na kuirusha upya) yenye masafa yaliyotulia, hakifai kwa mtu kama mimi ambaye jioni hurukaruka kutoka bendi ya mita 40 hadi ya mita 10 nikitafuta sauti za Brazili.

Sasa udongo. Nairobi ina miji miwili chini ya miguu yetu. Kabete, Lavington na Karen kuna udongo mwekundu wenye kina, rodi inaingia kwa nyundo bila fujo. Embakasi, South B, Utawala na kushuka hadi Athi River ni ule mweusi wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wakati wa mvua ethi ya huko ni nzuri ajabu. Rudi kiangazi utazame rodi yako, utakuta udongo umejitenga nayo, unaweza kuingiza kidole pembeni. Rodi imesimama hewani. Kwa hiyo ukipimiwa ethi mwezi wa nne ukaambiwa omu 4, usifurahi bado. Pima Februari. Mimi hulenga chini ya omu 10 wakati wa ukavu, na kwa udongo mweusi hupiga rodi ndefu ili ifike chini ya nyufa, kisha naongeza nyingine kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wake, maana zikikaribiana zinagombania udongo uleule. Milima ya Ngong ambako minara imejipanga, chini ni mwamba, rodi haiendi popote. Huko unalaza kanda ndefu za shaba zikisambaa kutoka mguuni mwa mnara pande zote.

Chumvi na makaa acheni. Najua ndivyo tulivyofundishwa, shimo, makaa, gunia la chumvi, maji. Siku hiyo mita itasoma vizuri. Chumvi huoshwa na mvua, na kabla haijaondoka huila shaba. Ukitaka kusaidia udongo, tumia bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji na usioila shaba.

Halafu kuna wezi, ambao hawamo katika vitabu vya wazungu. Ukanda wa shaba unaong'aa ukutani Industrial Area hauna maisha marefu. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya stima kuharibiwa, na marufuku hiyo ilidumu miezi michache tu. Kwa hiyo mimi sasa hutumia rodi za chuma zilizopakwa shaba, ambazo muuza chakavu hazitaki, na sehemu ya ukanda inayoonekana naifunika kwa mfereji wa chuma uliofungwa kwa boliti za kuvunjwa kichwa. Sehemu nyingine ya ukuta natumia ukanda wa chuma uliopakwa zinki. Shaba isigusane na zinki moja kwa moja, weka klampu ya chuma cha pua katikati, la sivyo mvua mbili tatu tu zinki imeisha na kutu imeanza. Na ethi iliyoibwa haipigi kelele. Redio inaendelea kufanya kazi hadi siku ya ngurumo.

Walio kwenye maghorofa huniuliza watapata wapi ardhi. Antena iko juu karibu na matangi ya maji, ofisi iko ghorofa ya sita. Waya wa ethi wa mita 20 kushuka nje, kwa hesabu ile niliyomfanyia mzee, ni mapambo. Kinachofaa ni kuunganisha bamba lako na nondo za jengo kama zinapatikana, na mabomba ya chuma, na ethi ya stima ya ghorofa hiyohiyo. Huwezi kuishusha ghorofa ya sita iwe volti sifuri. Unachoweza ni kuhakikisha vitu vyote vilivyo ghorofa ya sita vinakubaliana.

Na kuchomoa? Kuchomoa antena ni kinga nzuri kuliko zote kama unaifanya mapema na huiachi ncha ya kebo mezani kando ya redio, maana cheche huruka. Chomoa na stima pia, na kebo ya mtandao. Lakini ukihesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo zikawa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na wakati wa kushika kebo umeshapita. Kaa mbali nayo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Redio itapatikana nyingine. Bila shaka kampuni ya ulinzi haiwezi kuchomoa, kwa kuwa usiku wa mvua ndio usiku ambao walinzi wanahitaji kuita, ndiyo maana yale mabamba na kanda.

Yule mzee wa Industrial Area vuli ya mwaka jana ilimpita salama, redio haikutikisika. Mwezi uliopita akanipigia, sauti ya mtu anayejua jibu asilolipenda. Kamera za langoni zimekufa, na kompyuta ya kuzirekodi, na ile chaja ya redio za mkononi iliyochomekwa soketi moja nayo. Nikamuuliza kebo ya kamera inaingilia wapi. Akaenda kutazama, nikamsikia akivuta kiti.

"Kwenye dirisha la upande wa jenereta. Fundi wa kamera alisema ni karibu zaidi."

"Na bamba liko ukuta gani, mzee?"

"Upande wa pili, fundi. Najua. Njoo Jumamosi."